Ghala Lililofunguliwa Saa Sita Mchana

Mkaguzi wa hesabu Modest Kapembwa alikuwa ameshapanga majalada yake mezani kabla mgeni hajafika, na hilo peke yake lilimpunguzia Inspekta Theodora kazi ya nusu siku. Kwa muda wa wiki mbili alizokuwa akiipeleleza kesi hii, Theodora alikuwa amezoea kuambiwa kwamba jalada limeazimwa, au kwamba mwenye ufunguo wa kabati amesafiri kwenda Dodoma. Kwa Modest alikuta majalada manne ya kijani yaliyofungwa kamba, na juu ya kila moja karatasi yenye orodha ya kilichomo.

"Nashukuru, mzee," alisema Theodora akivuta kiti. "Ungekuwa mwingine ningeanza kwa kukuandikia barua."

"Ungeandika, nami ningejibu," alisema Modest. "Karatasi zangu hazina cha kuficha. Miaka ishirini na sita sijapoteza hata moja."

Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, na ofisi yake iliitazama barabara ya stesheni ya Tabora. Alizungumza taratibu, kama anayehesabu maneno kabla ya kuyatoa.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuisimulia. Kampuni ya Asali ya Isenga, ya hapo mjini, ilisema ina mapipa mia tatu na kumi na mawili ya asali katika ghala lake la Bukene. Kwa dhamana ya mapipa hayo ilikuwa imepata mkopo benki. Mwisho wa Juni Modest aliyahesabu, akaipa kampuni hati safi. Tarehe tisa Septemba, siku moja kabla maofisa wa benki hawajaenda kuyaona kwa macho yao, ghala lilikutwa tupu. Ufunguo ulikuwa kwa mtunza ghala, Abasi, mkazi wa Chemchem mwenye mke na watoto watatu. Mkurugenzi wa kampuni, Majidi Seif, alimpeleka polisi kwa wizi. Ili apate dhamana, Abasi alitakiwa kuweka nusu ya thamani ya mali yote, jambo ambalo ukoo wake mzima usingeliweza hata wakiuza nyumba. Kwa hiyo alikuwa gerezani. Jumatatu kesi ingetajwa, na mwendesha mashtaka alikuwa amesema wazi: kama hakuna jipya, itaendelea kama ilivyo.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Theodora alikuwa ameanza pale ambapo kila mtu angeanza, kwenye usafiri. Pipa moja la asali linakaribia kilo mia tatu. Mapipa mia tatu na kumi na mawili hayabebwi kwa kanga. Alikwenda kwenye mizani ya barabarani, akaenda stesheni, akasoma madaftari ya mizigo mstari kwa mstari. Lori moja lililoonekana Nzega limejaa mapipa lilimla siku tatu nzima, na alipolikuta, mapipa yalikuwa ya mafuta ya alizeti. Hakulalamika. Alimshukuru dereva kwa kumfungulia, akarudi.

"Uliyahesabu mwenyewe?" alimuuliza Modest.

"Moja moja. Kila pipa nilibandika karatasi yenye namba, nikatia saini juu ya namba. Kisha nikapiga picha."

"Ulifungua mangapi?"

Modest alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Hata moja."

Theodora aliinua kalamu kutoka kwenye daftari. Alisubiri.

"Mkurugenzi alinieleza kwamba asali haifunguliwi mchana," aliendelea Modest. "Ukifungua pipa moja, nyuki wanashuka kundi zima, mtu anaweza kufia humo. Niliuliza watu wawili hapa mjini, wakaniambia ni kweli. Na mimi nyuki nawaogopa, sikufichi. Nililisukuma pipa moja kwa bega, halikutikisika. Nikaandika kwamba yamehesabiwa na yamejaa."

"Uliandika pia kwamba hayakufunguliwa?"

"Kwenye karatasi zangu, ndiyo. Ukurasa wa kumi na nne. Kwenye ripoti, hapana."

"Mzee, mwendesha mashtaka hana ushahidi mwingine kwamba asali hiyo iliwahi kuwepo. Ana ripoti yako tu. Hiyo ndiyo inayomweka Abasi ndani."

"Kazi ya mkaguzi si kumfunga mtu, Inspekta. Mkaguzi anatoa maoni."

"Nakubali," alisema Theodora. "Naomba nakala za picha na za ukurasa wa kumi na nne."

Modest angeweza kumwambia aje na hati ya mahakama. Badala yake aliinuka, akawasha mashine na kuzitoa nakala kwa mkono wake. Theodora alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenzake kituoni: mwisho wa kila ukurasa wa daftari lake aliandika jina la aliyemsaidia siku hiyo. Siku hiyo aliandika la Modest.

Alhamisi asubuhi alipanda pikipiki ya idara kwenda Goweko. Theodora hakusomea uhasibu. Alichokijua alikipata kwenye vitabu vilivyotumika alivyonunua sokoni na kuvisoma peke yake, kwa hiyo maswali yake yalikuwa ya mtu asiyeona aibu kuuliza jambo dogo. Alitaka kujua asali hiyo yote ilitoka wapi.

Mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki wa huko aliitwa Minza, mama mwembamba mwenye mikono yenye makovu madogo madogo hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mjini na kidude hicho? Makalio yamebaki?"

"Yamebaki kidogo, mama."

"Basi kalia hicho kidogo kilichobaki."

Minza alileta daftari lake. Lilikuwa la shule, limefunikwa gazeti, na kila ndoo iliyouzwa ilikuwa na mstari wake. Msimu ule vikundi vyote vya upande huo viliiuzia Isenga ndoo mia tano na kidogo. Ndoo kumi hujaza pipa moja.

"Mapipa hamsini na kitu," alisema Theodora.

"Na hayo tuliyaona yakipakiwa kwenye treni kwenda Dar mwezi wa tano."

"Labda walinunua kwingine."

"Labda. Nyuki hawako kwetu tu."

Theodora aliandika hivyo hivyo, 'labda', kwa sababu hakuwa na zaidi ya hapo. Kisha alitoa picha ili amuulize Minza kama mapipa ya aina ile ndiyo ya asali. Minza aliisogeza picha mbali na macho, kisha karibu, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakimtikisika.

"Hii imepigwa saa ngapi?"

Theodora alisoma tarakimu za njano pembeni. "Saa sita na dakika kumi mchana. Mwisho wa Juni."

"Na mlango uko wazi."

"Uko wazi, na madirisha pia."

"Huyu mwenye shati jeupe ni nani?"

"Ndiye mkurugenzi."

"Mikono mifupi, kichwa kitupu, kaegemea pipa kama kaegemea gari lake." Minza alimrudishia picha. "Mwanangu, hapa hakuna asali."

"Mapipa yamefungwa, mama."

"Njoo uone kufungwa."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda ambacho nyufa zake zote zilizibwa kwa udongo. Hicho Minza hakukigusa. Aliingia chumbani kwake, akatoka na ndoo moja aliyoitoa kibandani alfajiri kwa ajili ya mteja, imefungwa mfuniko na kuzungushiwa blanketi. Aliondoa blanketi, akaiweka ndoo juu ya jiwe katikati ya uwanja, mfuniko ukiwa palepale. Wakarudi kukaa barazani.

Theodora alitazama saa yake. Dakika ya nne alikuja nyuki mmoja, akazunguka ndoo, akaondoka. Dakika ya saba walikuwa kama ishirini. Dakika ya kumi mfuniko haukuonekana tena, na Theodora alikuwa ameshaingia ndani, anachungulia kwenye upenyo wa mlango.

"Mfuniko ni wa kuwazuia watu," alisema Minza, ambaye hakuhama alipokaa. "Nyuki hana habari nao. Na hiyo ni ndoo moja. Mwezi wa sita maua ya miti yamekwisha, nyuki wana njaa. Uweke mapipa mia tatu Bukene, ufungue mlango saa sita mchana? Shule ingefungwa siku hiyo. Treni ingepita bila kusimama."

"Mkurugenzi alimwambia mkaguzi kwamba hawakufungua mapipa kwa sababu ya nyuki."

"Hapo kasema kweli. Ndiyo maana sisi ghala tunalifungua alfajiri, kabla hawajatoka, tukamaliza shughuli jua halijachomoza. Yeye habari hiyo kaisikia kwa watu, akachukua nusu. Pipa hakufungua. Mlango kaufungua."

Ndoo ilikaa pale juu ya jiwe mpaka jua lilipoanza kushuka, na Theodora naye alikaa, kwa kuwa pikipiki yake ilikuwa hatua tano kutoka kwenye jiwe hilo. Minza alimpa viazi vya kuchemsha. Alipoondoka aliandika jina lake kwenye daftari na kulipigia mstari.

Usiku ule ule swali moja lilibaki, na asubuhi ya Ijumaa alilipeleka gerezani. Abasi alikuwa mtunza ghala wa asali kwa miaka tisa. Alikosaje kuona kitu ambacho Minza alikiona kwenye picha?

Nje ya geti alimkuta Zuwena, mke wa Abasi, na chombo cha chakula kilichofungwa kwenye kitambaa. Walisalimiana. Zuwena hakuuliza kuna nini kipya. Alimtazama tu Theodora usoni, akaona hakuna cha kusomwa, akatazama pembeni.

Abasi alikuwa amepungua. Alikaa na mikono juu ya meza, kama aliyeambiwa aiweke pale.

"Ghala la Bukene ulikuwa ukilifungua saa ngapi?" aliuliza Theodora.

"Alfajiri, afande. Ghala la asali ni alfajiri. Mimi kazi zangu ni hapa Tabora, kule niliingia mara mbili tu tangu mwezi wa tano. Nalala Bukene, naingia na tochi, nahesabu, natoka, nafunga."

"Mchana hukuingia kamwe?"

"Mchana na nyuki?"

"Na mapipa ulipoyapokea?"

"Yalikuja yamefungwa, yamepigwa lakiri. Mkurugenzi alisema lakiri ikivunjwa mnunuzi anakataa mzigo. Nikasaini."

"Bila kufungua hata moja."

"Bila kufungua." Abasi alitazama mikono yake. Kisha Theodora aliona uso wake unabadilika polepole, kama mtu anayesikia mlango ukigongwa nyumba ya mbali. "Afande. Kwa nini unaniuliza habari za mchana?"

"Mwanzoni mwa Septemba ulikuwa wapi?"

"Likizo. Mkurugenzi alinipa siku tano, tarehe moja mpaka tano. Ya kwanza tangu niajiriwe. Ufunguo wa Bukene aliniambia nimwachie, akanirudishia niliporudi." Alikunja vidole. "Nilimshukuru, afande. Nilimpelekea kuku wawili."

Theodora alitoka pale akiwa na jambo moja la kufikiria njiani. Pipa la Modest liliposukumwa kwa bega halikutikisika. Basi ndani yake mlikuwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa kizito, cha bure, na nyuki hawana shida nacho. Haikuhitaji elimu kubwa kukitaja. Lita elfu sitini za maji haziondoki Bukene kwa lori. Zinamwagwa, na mahali zinapomwagwa mwezi wa tisa, mtu yeyote angekumbuka.

Gari la idara lilifika Bukene saa nane mchana. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, juu ya mabati, juu ya mbuzi, juu ya majani ya migomba iliyokauka. Ghala la Isenga lilikuwa karibu na reli. Mlinzi wake, mzee Masanja, aliinuka kwenye kigoda chake na kupiga saluti ya mgambo.

"Shikamoo, mzee Masanja."

"Marahaba, afande. Wenzako walishakuja."

"Najua. Mimi nimekuja kutembea tu. Nionyeshe nyuma ya ghala."

Nyuma ya ghala kulikuwa na matuta sita ya mchicha na mawili ya nyanya chungu, kijani kibichi, katika eneo ambalo hata magugu yalikuwa yamekuwa rangi ya mkeka. Theodora alisimama akitazama kwa muda mrefu.

"Mchicha mzuri, mzee."

"Namshukuru Mungu. Na mkurugenzi pia, Mungu amzidishie."

"Mkurugenzi amefanya nini?"

"Si maji. Mwanzoni mwa mwezi huu alileta vibarua wa kuosha mapipa. Siku tatu wanamwaga maji hapa nyuma. Mapipa mengi, afande, maji tele. Nikaona yanapotea bure, nikachimba mifereji. Nikasia mbegu."

"Walikuwa wanaosha, au walikuwa wanamwaga?"

Masanja alifikiri kwanza. "Kuosha sikuona. Walikuwa wanang'oa mfuniko na kulaza pipa. Maji yanatoka, pipa linakwenda kwenye lori. Malori yalikuja usiku, matupu yanabebeka upesi."

"Kulikuwa na nyuki?"

"Nyuki wa nini tena? Maji matupu."

"Mzee Masanja," alisema Theodora kwa upole, "mbona hukuwaambia wenzangu?"

"Waliniuliza kama niliona mtu anatoa asali. Nikasema sikuona asali. Wakaandika, nikaweka dole gumba. Sikusema uongo, afande. Hakuna aliyeniuliza maji."

Theodora alisoma tena maelezo yale kwenye nakala yake. Ilikuwa kweli. Swali lilikuwa moja, na jibu lilikuwa sahihi.

"Na sasa unamwagilia na nini? Maji yale yalikwisha zamani."

Mzee alisita kidogo. "Pipa moja niliomba wanibakishie. Lilikuwa limejaa, natumia kidogo kidogo. Kama ni kosa, nitalirudisha."

Lilikuwa nyuma ya kibanda chake, limefunikwa magunia. Theodora aliyaondoa moja moja. Ubavuni palikuwa na karatasi nyeupe, imechafuka pembeni lakini inasomeka: 207, na juu ya namba, saini ndogo iliyonyooka ya M. Kapembwa. Lakiri ilining'inia kwenye kipande cha waya. Aliinamisha kichwa juu ya maji. Yalinuka kutu na si kingine.

Alipiga picha kila upande. Alijaza chupa tatu, akazifunga na kuziandika, Masanja na dereva wakatia alama zao kama mashahidi.

"Pipa tutalichukua, mzee. Nitakuandikia hati ya kupokea."

"Na maji?"

Dereva alianza kucheka, lakini Theodora alikuwa ameshageuka kutazama matuta. Walitumia karibu saa nzima kuazima ndoo, masufuria na pipa dogo la jirani, na kuyahamisha maji yote pasipo kumwaga hata kidogo. Mzee Masanja aliwashukuru kwa mikono miwili, na Theodora alimshukuru zaidi, ingawa mzee hakuelewa kwa nini.

Jumamosi saa tatu Modest alifika uani kituoni alikoitwa. Theodora alimpokea. Alimwonyesha pipa, akampa picha za Bukene na maelezo ya Minza, akamwacha asome. Modest alisoma akiwa amesimama. Kisha aliinama na kugusa karatasi yenye namba kwa kidole kimoja.

"Hii ni saini yangu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Pipa lilikuwa na maji."

"Mpaka jana."

Simu ya Modest ililia. Alitazama jina, akamwonyesha Theodora: Majidi Seif. Theodora hakumwambia apokee wala asipokee. Modest alibonyeza, akaongeza sauti.

"Mzee wangu," ilisema sauti ya Majidi, nzuri, ya mtu aliyekunywa chai vizuri. "Nasikia huyo dada wa polisi anazunguka na picha zako. Anatafuta cheo huyo. Hati ni hati, mzee. Ukisharudi nyuma kwenye hati moja, nani atakupa kazi tena? Mwakani nina kampuni mbili, nataka zote uzikague wewe."

"Nashukuru, Majidi. Nikuulize kitu kimoja. Siku ile Bukene, ule mlango tuliufungua saa ngapi? Nimesahau."

"Si ilikuwa saa sita? Jua la utosi. Ukawa unafuta jasho."

"Na madirisha?"

"Nilifungua yote mimi mwenyewe, usije ukazimia. Kwani vipi?"

"Hapana. Nilitaka kuhakikisha karatasi zangu." Modest alikata simu. Theodora alikuwa ameandika kila neno na saa ya kila neno.

Walikwenda kukaa kwenye benchi lililokuwa kwenye kivuli cha ukuta.

"Nikiondoa maoni yangu kwa maandishi," alisema Modest, "Bodi ya wahasibu itaniita. Cheti changu kinaweza kwenda. Wateja nao hawatasubiri Bodi."

"Sikuwekei ahadi yoyote, mzee."

"Na nisipoandika?"

"Nitapeleka nilichonacho. Wakili wa Majidi atasema hilo ni pipa moja kati ya mia tatu na kumi na mawili, na mkaguzi mwenye cheti bado anasema yalikuwa na asali. Watabishana miezi. Mwisho nadhani ukweli utajulikana. Miezi hiyo Abasi ataikaa gerezani."

Modest alivua miwani, akaiweka gotini.

"Ukurasa wa kumi na nne niliuandika kwa sababu kitu kilinisumbua," alisema. "Mkaguzi akisumbuliwa na kitu anatakiwa arudi akakiulize. Mimi niliandika, nikafunga jalada, nikajiona nimefanya kazi. Ningeweza kurudi alfajiri. Hata kofia ya wavu ningeazima."

"Ungeweza pia kuuchana ukurasa huo, mzee. Hakuna ambaye angejua."

"Karatasi sichani." Alinyoosha mkono. "Nipe za kwako, zangu nimeziacha ofisini."

Aliandika kurasa tatu bila kufuta neno. Aliandika kwamba hakufungua pipa lolote, kwamba alitegemea maneno ya mkurugenzi mahali alipopaswa kutegemea macho yake, kwamba pipa namba 207 lilikuwa na maji, na kwamba hakuwa na msingi wa kusema asali iliwahi kuwepo Bukene. Alisema ripoti yake isitumiwe na benki, na isitumiwe kumshtaki mtu yeyote. Alitia saini, akaandika tarehe, akasoma upya, akaongeza saa.

"Nashukuru, Inspekta," alisema akimpa. "Ungeweza kuanza na pingu. Ulianza na picha."

"Mimi ndiye ninayeshukuru, mzee. Nimekuwa na kesi nyingi ambazo karatasi ya kwanza niliyoomba ilikuwa imeungua."

Jumapili Majidi Seif alikamatwa nyumbani kwake, akiwa na tiketi ya ndege ya jioni mfukoni. Vibarua wawili waliomwaga maji walipatikana Nzega na kueleza walikopeleka mapipa matupu. Jumatatu saa nne asubuhi mwendesha mashtaka alisimama mbele ya hakimu, akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shtaka dhidi ya Abasi. Shughuli nzima haikuchukua dakika tano. Hakimu alimwambia Abasi yuko huru, na Abasi alibaki amesimama kizimbani mpaka askari alipomgusa bega.

Nje, Zuwena alikuwa ametandika kanga kwenye ngazi ya pembeni na kufungua chombo cha chakula. Alikuwa amepika kama mtu aliyejua jibu, au aliyeamua kutojali jibu. Alimkumbatia mumewe, kisha akamwendea Theodora na kumshika mikono yote miwili. Akamwonyesha pa kukaa kwenye kanga. 

Modest alikuwa ametoka mahakamani wa mwisho. Alisimama mbali kidogo akiwa na koti lake, anatazama njia ya kuelekea barabarani kama asiyejua aipite vipi. Abasi alimwona, akamwendea.

"Mzee Kapembwa. Inspekta ameniambia. Ahsante."

"Usinishukuru," alisema Modest. "Niliyasainia mapipa bila kuyafungua, wewe ukalala ndani siku kumi na tisa."

"Hata mimi niliyasainia yakiwa yamefungwa, mzee. Karatasi yangu na yako zinasema jambo moja." Abasi alikuwa anazungumza taratibu, kama anayejaribu sauti yake. "Wewe tu ndiye uliyekuwa nje, na ukaja kusema."

Modest alilihamishia koti lake mkono wa pili.

"Wamekunyang'anya cheti?" aliuliza Abasi.

"Bado. Wameniita Alhamisi."

"Utaenda na nani?"

"Peke yangu. Hayo mambo mtu huenda peke yake."

"Basi Alhamisi nitakusindikiza," alisema Abasi. "Sina kazi sasa hivi. Watakapokuuliza kosa lako lilimpata nani, nitasimama niwaambie lilinipata mimi, na niwaambie nani alilirekebisha."

Zuwena aliwaita kutoka kwenye ngazi. Wali unapoa, alisema, na hakupika kwa ajili ya watu wa kusimama. Modest alimtazama Theodora, ambaye alikuwa ameshavua kofia yake ya kazi na kukaa. Alilikunja koti lake mara mbili, akaliweka kando, akakaa kwenye kanga karibu na Abasi.